Mnywaukungu Ulioinama

Machi 2, Jumatatu

Mpwa wangu, binti tunayeishi naye, kanipa daftari hili leo asubuhi. Kasema, "Mjomba, hapa maabara kila mtu anaandika alichofanya. Hata kama umefagia tu, andika umefagia." Basi naandika: nimefagia. Na mengine nitayaandika pia, maana mtu aliyeona niliyoyaona mimi hawezi kuishia kwenye ufagio.

Nilisoma mpaka darasa la sita. Wanaosema shule ilinishinda ni waongo. Mwalimu mwenyewe alimwambia marehemu mama kwamba hana tena cha kunifundisha. Nikaingia porini na msumeno wa watu wawili, nikawa mpasua mbao. Mwenzangu wa upande wa pili akisinzia, msumeno ulikuwa unaendelea kama kawaida. Kuna gogo nililipasua jembamba hivyo kwamba mke wangu alilitundika dirishani kama pazia. Muulize, ingawa atakataa. Kwao ni watu wa kukataa.

Sasa kazi yenyewe. Juu ya mlima wetu, kwenye kigongo kimoja tu, unaota mti uitwao mnywaukungu. Hauoti kwingine popote duniani; mpwa wangu kasoma vitabu vyote na kasema hivyo. Ubao wake una wekundu wa dhahabu na mchwa hawauwezi, kwa hiyo wanaoumaliza ni watu. Kuukata ni marufuku. Lakini ukishapasuliwa hauna jani wala gome, unapita kizuizini ndani ya lori ukiitwa mpepele, mti wa kawaida uliojaa kila mahali, na mlinzi hana la kubisha. Mpwa wangu ndiye anayelitafutia hilo dawa. Atachukua kipande cha mnywaukungu, akikate chembamba kuliko ganda la kitunguu, akiweke kwenye kioo, aseme: sura yake ya ndani ni hii. Kuanzia hapo kila mbao inayotiliwa shaka italinganishwa na kioo hicho.

Kibali kimetoka cha kipande kimoja tu, ukubwa wa ngumi, kutoka mti mmoja ulio hai, ulionyooka. Miti yenyewe imebaki ya kuhesabika.

Na nani wa kukileta hicho kipande? Watu wote mjini walitazamana, halafu wakanitazama mimi.

Machi 5, Alhamisi

Nimeleta.

Sheria inataka niende na mlinzi wa msitu, naye ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tunamwita Kobe, maana hata akiitwa kula anafikiri kwanza. Tulipofika chini ya kigongo mvua ikaanza. Kobe akasema anazunguka upande wa pili kukagua mitego ya wawindaji, tutakutana juu. Nikajua ni woga. Nikapanda peke yangu.

Njia ile haiendeki, lakini mimi niliiendea. Katikati chui alikuwa amelala njiani. Nikamwambia, "Habari za mchana," akavuta mkia wake nipite. Juu kabisa nikakuta mnywaukungu mmoja mnyoofu, nguzo ya umeme ingeona haya mbele yake. Nikatoa patasi na nyundo, nikachonga kipande, nikaziba jeraha kwa nta kama mpwa wangu alivyoagiza. Mti haukulia hata kidogo. Mkono wangu miti inaujua.

Kobe aliponikuta nilikuwa nimeshashuka, nimekaa juu ya jiwe.

"Umeshafika juu, shemeji?"

"Nimefika, nimerudi, na usingizi nimelala."

Akanitazama viatu. Kobe huyo.

Machi 6

Magoti. Ni baridi tu.

Machi 10, Jumanne

Kazi ya leo ni kuchemsha. Kipande unakikata vijipande vya mraba, unavitia sufuriani na maji, unachochea moto mpaka vizame. Mti umejaa hewa, kwa hiyo unaelea. Maji yakishaingia kila tundu ndipo unakwenda chini, na ndipo umelainika kwa kisu. Nilikaa na sufuria ile siku nzima kama mama anayepikia harusi. Kijipande kimoja kikakataa kuzama mpaka nilipokitukana kidogo.

Halafu mpwa wangu akakibana kwenye mashine ya kukatia. Ina kisu kinachong'aa, ukivuta mkono kinapita na kuacha utando unaojikunja kama kipande cha ukucha. Lakini utando wa kwanza ukatoka na manyoya. Wa pili hivyohivyo.

"Mjomba," akasema, hajainua uso, "mti huu ulikuwa umeinama?"

"Umeinama wapi? Si nimekwambia habari ya nguzo ya umeme?"

"Nauliza kwa sababu unatoa manyoya. Mti ukiinama, upande wake wa juu unajikaza, unajivuta usianguke. Nyuzi za upande huo zinakuwa hivi."

"Hiyo ndiyo tabia yake. Mnywaukungu wote una manyoya. Unafikiri huo ukungu unaunywa kwa mdomo?"

Akacheka. Akachukua kalamu akaandika: mti mnyoofu.

Machi 14, Jumamosi

Leo nimechungulia kwenye hadubini. Nimeona mji. Kuna mitaa, kuna kuta, kuna visima. Mpwa wangu akanifundisha: yale matundu ya mviringo ni mirija ya kupandishia maji, ile mistari ni miale inayotoka moyoni mwa mti kwenda kwenye gome, na vile vidogovidogo vilivyobanana ni nyuzi, ndizo zinazoubeba mti. Wametia rangi mbili. Kuta zimekuwa nyekundu, lakini ndani ya kila uzi kuna utando wa bluu, laini, kama ute wa yai.

Mkuu wa maabara akaja. Ni mama mmoja anayetembea kama mtu aliyesahau kitu. Akachungulia kwa muda mrefu.

"Mirija michache, midogo. Na ute huu kila mahali. Ajabu kwa mti ulionyooka."

"Ipo miti inayokuwa hivyo hata ikinyooka, Mkuu," mpwa wangu akasema.

"Ipo. Una uhakika na sampuli?"

"Kaileta mjomba wangu mwenyewe."

Mkuu akanitazama juu ya miwani. Nikaona nimwondolee wasiwasi, nikamweleza habari ya chui. Alisikiliza mpaka mwisho, na mwisho ulikuwa mzuri kuliko wa tarehe tano, maana safari hii chui alinisindikiza.

Machi 19

Mvua. Nimefagia.

Machi 21

Mvua. Paa la kwetu linavuja juu ya kitanda cha mpwa wangu. Mke wangu kamhamishia chumba cha mbele. Wanapendana hao wawili. Wakicheka jikoni mimi nikiingia wananyamaza, halafu wanacheka tena.

Machi 25, Jumatano

Makubwa leo. Kobe kakamata lori.

Ni la Bwana Mbao, yule tajiri anayevaa viatu vyeupe wakati wa matope. Limejaa mbao, karatasi zinasema mpepele. Kobe kashika ubao mmoja, kaunusa, kasema, "Huu ni mnywaukungu. Lori halitoki." Dereva kamtishia, kampigia tajiri simu, tajiri kaja. Kobe kakaa chini mbele ya tairi.

Jioni alikuja kwetu kumwona dada yake. Mke wangu alikuwa hakai chini kwa furaha.

"Si ulikuwa unamwita Kobe?" akaniambia.

"Namwita bado. Kobe akikaa mbele ya tairi, kuna ajabu gani? Hajui kukimbia."

Tukacheka wote, hata yeye. Mpwa wangu akasema vipande vya mbao zile vimeshafika maabara, atavitazama kesho. "Sasa ndiyo tutajua kazi yetu ina faida gani, mjomba."

Nikasema tutajua.

Machi 30, Jumatatu

Mbao za lorini zimekatwa laini kabisa. Hakuna manyoya. Mirija tele, mikubwa, imeshikana miwilimiwili kama watoto wanaokwenda shule. Ute wa bluu hamna hata wa dawa.

Mpwa wangu alivitazama vioo viwili, cha kwetu na cha lori, kutoka asubuhi. Chai ilipoa mara mbili, nikaibadilisha mara mbili. Mwishowe akasema, "Sio mpepele huu. Lakini kuwa mnywaukungu hauwezi, haulingani na wetu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naandika nilichokiona. Haulingani."

Mimi niliosha sufuria. Ilikuwa safi, lakini niliiosha.

Aprili 2, Alhamisi

Wamelirudisha lori, wanasema marufuku ni ya mnywaukungu tu. Bwana Mbao kapiga honi kutoka kizuizini mpaka sokoni. Halafu kadai heshima yake ilichafuliwa, na Kobe kasimamishwa kazi mpaka shauri lake lisikilizwe. Wanasema atafukuzwa. Kobe kavua koti la kazi, kalikunja, kaliweka juu ya meza yao. Hivyo ndivyo nilivyosikia.

Mke wangu aliingia jikoni. Alipika, akapakua, akamwekea kila mtu. Mpwa wangu aliposema, "Mama, nisamehe, mimi niliandika tu kilichokuwepo," yeye alijibu, "Kula, mwanangu, usije ukachelewa kwenye vioo vyako."

Mimi nilikula.

Aprili 4

Mvua. Jikoni hawacheki.

Aprili 8, Jumatano

Kobe kaja asubuhi na ngazi, kulitengeneza paa letu. Hana kazi, anasema mikono inamwasha. Mimi nilimshikia ngazi. Paa la chumba cha binti aliyesababisha asimamishwe kazi, nalo analiziba.

Akiwa juu kule akaniuliza, "Shemeji, ile hadubini ni kitu cha kweli?"

"Cha kweli."

"Haidanganyi?"

"Inaonyesha kilichowekwa."

Akapiga msumari. Kisha akasema polepole, kama anavyosema kila kitu, "Basi mimi nimeanza kufa pua na macho. Ule ubao niliushika, shemeji. Niliunusa. Ningeapa mbele ya kaburi la baba. Miaka yote nakwenda kuitazama ile miti kila asubuhi, kumbe siijui."

Nikaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Binti hana kosa. Kasema alichokiona. Mwambie dada yangu asimnunie mtoto wa watu."

"Nitamwambia. Na kule juu sasa yupo nani?"

"Hakuna. Aliyewekwa pahala pangu anakaa kizuizini. Anasema kule juu kuna matope." Akashuka ngazi moja, akanitazama. "Siku ile tulipokwenda wote, matope mekundu ya juu hayakuwa kwenye viatu vyako."

Ngazi nusura initoke.

"Nilipangusa," nikasema.

"Ndiyo," akasema, "nilifikiri hivyo. Kwamba ulipangusa."

Ameondoka. Nimekaa hapa mlangoni na daftari. Hakukuwa na chui.

Hakukuwa na chui, na juu sikufika. Nilipanda hatua chache, nikatazama chini bondeni, udongo ukaniteleza chini ya kisigino, nikashika mti wa kwanza uliokuwa karibu. Ulikuwa mnywaukungu, hilo nililijua kwa gome. Lakini umeinama, umelala juu ya bonde kama mzee anayeokota kitu. Upande wa bonde hakuna pa kusimama. Nikasimama upande wa mlima, nikachonga ule upande wa juu, ule ule uliojikaza. Patasi ilipoingia mti ukatoa manyoya kama nguo iliyolowa. Mpasua mbao gani asiyejua maana ya manyoya? Mti ulioinama hata bure hatuuchukui, unaziba meno ya msumeno na ubao wake unajipinda ungali mikononi. Nilijua. Nilisema moyoni: ndani ya mti nani ataona?

Aprili 12, Jumapili

Nilikusudia kumwambia leo. Alikuwa anapiga pasi barazani. Nikaanza vizuri, "Mpwa wangu, siku ile mlimani," naye akainua uso, na uso wake una uchovu siku hizi. Mdomo wangu ukashika njia yake ya zamani. Nikajisikia nasimulia habari ya tai aliyenichukulia kofia. Akatabasamu kwa adabu. Nikamaliza. Tai alikuwa na kofia yangu, na mimi nilikuwa sina kitu.

Aprili 13

Mvua.

Aprili 16, Alhamisi

Leo amekuja na bahasha kubwa, ana furaha kidogo kwa mara ya kwanza tangu lile lori. Picha za kioo chetu zimechapwa. Kesho zinapelekwa kwenye vizuizi vyote, na kwenye bandari, na kwa wenzake wa nchi nyingine. "Kuanzia kesho, mjomba, ukisema mnywaukungu, ulimwengu mzima utajua ni huu." Akanionyesha. Ule ute wa bluu, mzuri kama ua.

Nikaona malori ya Bwana Mbao, moja nyuma ya jingine, yakipita kila kizuizi, na kila mlinzi akitazama picha ile na kusema, hailingani, pita.

"Usizipeleke," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mti ulikuwa umeinama."

Akacheka. "Mjomba, leo sina nafasi ya kutaniwa."

"Sikutanii. Sikufika juu. Niliogopa. Nilichonga wa pale chini, umeinamia bonde, na nilisimama upande wa mlima."

Akaweka bahasha mezani. Nikamwona akihesabu mambo kichwani, upande wa mlima, upande wa juu, manyoya, mirija michache. Ilimchukua muda mfupi mno. Mtoto yule ana akili. Alikuwa ameshaijua kweli tangu siku ya kwanza, na aliiacha kwa sababu ya neno langu tu.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Nikaandika ulivyosema. Mkuu akaniuliza una uhakika, nikasema kaileta mjomba wangu. Sikusema nimepima. Nilisema kaileta mjomba wangu."

Ningependa angenitukana. Hapa nyumbani wananiita muongo kila siku, nacheka nao. Yeye alikaa tu, amefunika mdomo kwa mkono.

"Niliporudi na kile kipande," nikasema, "mlikuwa mnanisubiri wote mlangoni. Wewe ulisema, mjomba wangu ni simba."

"Nilikuwa nakutania, mjomba."

Aprili 17, Ijumaa

Alinipeleka kwa Mkuu. Nilieleza tena, nimesimama, kofia mkononi. Nilieleza bila kupamba, na bila mapambo sauti yangu ilikuwa nyembamba hata mimi nikaishangaa.

Mkuu akasikiliza. Kisha akasema, "Mzee wangu, juzi ulinieleza habari ya chui."

"Hakuwepo."

"Alikusindikiza mpaka mtoni."

"Hakuwepo kabisa, mama."

"Kwa hiyo juzi ulinidanganya na leo ni kweli. Au juzi ilikuwa kweli na leo unanidanganya. Na huyu mlinzi aliyesimamishwa ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

Akavua miwani akaifuta. "Nielewe na mimi. Nikienda mbele ya wakubwa nikasema ushahidi wetu umebatilika kwa sababu shemeji wa mshtakiwa kakumbuka jambo, watacheka mpaka walie."

Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu nasema kweli tupu mbele ya mtu mkubwa, na ndiyo mara ya kwanza sikuaminiwa hata kidogo. Yule chui ndiye waliyemwamini.

Mpwa wangu ndiye aliyesema, "Jeraha lipo, Mkuu. Twende tulione. Na tuombe kibali kipya, nichukue mimi mwenyewe."

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

"Wewe mwanamume," akasema, "mimi nimemnunia mtoto yule wiki mbili, na wewe umekaa hapo unakula na kushiba."

Akanyanyuka na ungo wake, akaenda chumba cha mbele, akafunga mlango. Niliwasikia wanalia wote wawili. Mimi nikabaki na punje zilizomwagika.

Aprili 20

Mvua kubwa. Kibali hakijatoka. Kobe kaambiwa. Nilitarajia aje. Hakuja.

Aprili 24, Ijumaa

Kibali kimetoka, tumekwenda. Mkuu mwenyewe, na buti za kuazima, mpwa wangu, Kobe, na mimi. Kobe alinisalimia kama kawaida, "Umeamkaje, shemeji," na akachukua begi langu akavaa mgongoni. Ningeliweza kulibeba. Sikubishana.

Tulifika pale chini. Mti upo, umeinama vilevile, maji yanatiririka kwenye shina. Nikawaonyesha. Nta bado ipo, na pembeni mwa jeraha gome limeanza kuvimba, linataka kujifunga. Mpwa wangu akatoa mfukoni masalio ya kile kipande, nusu ambayo haikukatwa, akakipachika. Kikaingia kama jino kwenye ufizi wake.

Mkuu akapanda juu kidogo, akatazama shina lilivyolala, akashuka upande wa bonde mpaka buti likajaa maji, akatazama tena. "Basi," akasema. Hakunitazama. Akamgeukia Kobe. "Bwana, tumekukosea."

Kobe akasema, "Mimi pia nilianza kujikosea."

Tukaendelea kupanda kwenda kwenye mnyoofu, mpwa wangu achukue kipande chake. Safari hii nilifika. Kobe alinishika mshipi nyuma, akanisukuma kama gunia, na palipokuwa pabaya zaidi alisimama chini yangu ili nikianguka nimwangukie yeye. Mtu huyu nimemwita mwoga tangu nimwoe dada yake.

Ukungu ulikuwa mzito. Nilisikia kwanza mpwa wangu amesimama. Kisha Kobe akanipita, akaenda mbele, mkono umenyooshwa kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba yake.

Vilikuwa visiki. Vibichi, vyenye wekundu wa dhahabu, vimejaa maji ya mvua. Unga wa msumeno umelala chini kama ukoko. Yote iliyonyooka, yote mikubwa, wakataji wameondoka nayo wakati hakuna mtu wa kukaa mbele ya tairi. Iliyobaki ni midogo, unene wa mkono wangu, na ule ulioinama kule chini. Huo hawakuugusa. Wapasuaji walikuwa mafundi. Walijua ubao wake una manyoya.

Kobe alikwenda kisiki kimoja kimoja, akaweka kiganja, akaondoa, akaenda kingine. Hatukumfuata. Mkuu alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na buti za watu.

Mpwa wangu akapiga magoti kwenye kisiki kilichokuwa karibu, akatoa patasi yake. "Kibali hiki ni cha mti ulio hai," akasema, kama anajiuliza mwenyewe. Kisha akachukua kipande. Alipima kila kitu kwanza. Kisiki kimekaaje, moyo wa mti uko katikati au pembeni, kaskazini ni wapi. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake na nilijua majibu yote. Hakuniuliza.

Tulipokuwa tunashuka nilimwambia Kobe, "Ni mimi."

"Ni wao waliokata," akasema.

"Lakini ni mimi."

Akafikiri, kama anavyofikiri akiitwa kula. "Ndiyo," akasema. "Shika hapo, panateleza."

Aprili 30, Alhamisi

Kipande cha kisiki kimezama haraka sufuriani. Kimekatwa laini. Mirija tele, mikubwa, imeshikana miwilimiwili. Kimelingana na cha lori kama pacha na pacha.

Kobe karudishwa kazini, na barua ya kumwomba radhi. Bwana Mbao anatafutwa. Mbao zake hazipo, lori lake halipo, na viatu vyake vyeupe vimekutwa barazani kwake vimepangwa vizuri.

Mei 3

Watu wa mtaani wamesikia. Jana kinyozi aliniuliza mbele za watu, "Mzee, na yule chui aliwaambia nini?" Wakanisubiri. Nililiona jibu, lilikuwa tayari ulimini, zuri sana. Nikasema hakukuwa na chui. Wakacheka zaidi kuliko siku zote, wakidhani hiyo ndiyo hadithi mpya.

Mei 5

Kobe kapanda mlimani na miche mitatu aliyoiotesha kwao kwenye makopo. Hakuwahi kutuambia kama anaotesha. Mke wangu kaniambia niende nikamsaidie kubeba. Nimekwenda.

Mei 8, Ijumaa

Mvua zinaelekea mwisho. Nimefagia, nimechemsha, nimeosha sufuria.

Mpwa wangu ananisalimia kila asubuhi, ananiwekea chai, ananiita mjomba kama zamani. Hajanisema hata siku moja. Nyumbani wameanza kucheka tena jikoni, na nikiingia hawanyamazi.

Mchana huu alikuwa na sinia la vioo vipya, anataka kuvivusha uani avipeleke kwa Mkuu. Vikilowa vinaharibika. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nje naona vizuri.

"Mjomba, mvua imekata?"

"Imekata," nikasema. Na kweli ilikuwa imekata.

"Ahsante, mjomba."

Akaliweka sinia mezani, taratibu. Akaja mpaka pale mlangoni nilipo, akatoa mkono nje, akakitazama kiganja chake. Kisha akarudi kulichukua sinia.